Paul Bomani: Mizani ya Pamba na Ajira ya Vijana wa Kanda ya Ziwa

Nyegezi, Mwanza

Barabara kuu itokayo Shinyanga huingia Jiji la Mwanza kupitia Nyegezi, penye stendi ya mabasi ambako kila siku hushuka vijana wanaotafuta kazi, wengi wao watoto wa wakulima wa pamba. Takribani miaka themanini iliyopita, kijana Paul Bomani naye alitoka upande huo wa Shinyanga, akiacha kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, akahamia Mwanza na kuwa mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na alisoma katika shule za misheni. Kwa Mwafrika wa rika lake, kisomo hicho hakikufungua milango mingi. Biashara ya pamba, iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Usukuma, ilishikwa na wanunuzi na wenye viwanda ambao wengi walikuwa na asili ya Asia. Mkulima alifikisha mzigo wake kituoni, akasomewa uzito na mnunuzi yuleyule aliyetaka kumlipa kidogo, akarudi nyumbani na manung'uniko. Kijana wake aliyejua hesabu hakuwa na nafasi ya kushika mizani wala daftari.

Ni hapo Bomani alipoanzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka vijijini akiwahimiza wakulima wajiunge, na chama chao kikaweka vituoni wapimaji Waafrika waliohakiki uzito mbele ya mnunuzi. Jambo hilo huonekana dogo leo, lakini lilitenda mawili kwa pamoja: lilimlinda mkulima, na likampa kazi ya kuaminiwa mtu ambaye hapo awali alihesabiwa kuwa wa kubeba magunia tu.

Baada ya masomo ya ushirika huko Loughborough, Uingereza, Bomani aliongoza Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955. Kila chama cha msingi kilihitaji katibu, karani na mpimaji. Kufikia mwisho wa muongo huo, karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilipita mikononi mwa vyama hivyo, na shirikisho likamiliki viwanda vya kuchambua pamba.

Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Haki ya historia inatutaka tuseme pia yaliyofuata. Mwaka 1965 wapigakura wa Mwanza walimnyima kiti cha ubunge, ingawa Mwalimu Nyerere alimbakiza serikalini. Mwaka uliofuata, kamati maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta ubadhirifu na ajira za upendeleo. Nafasi zilizopiganiwa kwa ajili ya watoto wa wakulima, mahali pengine zilikuwa zimegeuka za jamaa za viongozi. Mwaka 1968 shirikisho lilivunjwa, na Nyanza ikashika nafasi yake.

Bomani aliendelea kulitumikia Taifa, ikiwemo kuwa Balozi nchini Marekani kuanzia mwaka 1972 hadi 1983. Alifariki dunia tarehe 1 Aprili 2005.