Songea Alikuwa Mtu

Wanachuo wenzangu, mimi neno Majimaji nililijulia kwenye mpira. Kwetu Songea, Majimaji ni timu, ni uwanja, ni kelele za Wana Lizombe. Na Songea? Nilijua ni mji tu. Siku nilipoingia Makumbusho ya Majimaji ndipo nikashtuka: kumbe Songea alikuwa mtu.

Songea Mbano alikuwa nduna wa Wangoni chini ya nkosi Mputa Gama, na nguvu zake ziliwapita manduna wengi wa enzi zake. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma karibu na kwake, wakalipa jina lake. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vikaanza Umatumbini, vikafika Ungoni, naye akapigana mpaka akakamatwa. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa na makumi ya wenzake walinyongwa. Songea alinyongwa siku chache baadaye.

Kaburi lake lipo hapo hapo makumbusho, ila ukoo wake unasema kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha, akaahidi kwamba watajaribu kukitafuta.

Sisi timu ikifungwa tunanuna wiki nzima. Ukoo wa Mbano umesubiri zaidi ya miaka 100. Basi ukija Songea kutazama mechi, pitia makumbusho kwanza, ujue jina unaloshangilia uwanjani lilitokana na damu ya nani.