Powell, nahodha wa mkono mmoja aliyeongoza wapima ardhi



Juzi binti wa dada yangu alikuja nyumbani na habari kwamba anataka kusomea jiolojia. Mamake hakufurahi. Aliniuliza, kaka, mtu anayesomea mawe mwisho wake ni nini, kuponda kokoto? Nikamjibu kuwa kazi ile ina ngazi zake. Mtu huanza na nyundo na begi la sampuli, akapanda akawa mchora ramani, na akijaliwa siku moja hukabidhiwa wenzake awaongoze. Hapo ndipo mtihani wenyewe unapoanza, kwa sababu kujua mwamba ni jambo moja na kumjua binadamu ni jambo jingine. Ili anielewe nilimsimulia maisha ya John Wesley Powell wa Marekani, na leo naona nikusimulie na wewe.

Powell alizaliwa mwaka 1834 katika jimbo la New York. Babake alikuwa mhubiri aliyepinga utumwa waziwazi, na walipohamia Ohio msimamo huo uliwaponza watoto. Wenzake shuleni walikuwa wakimpiga mawe, mpaka wazazi wakamtoa na kumpeleka kwa jirani mmoja mzee aliyependa elimu ya mimea, wanyama na miamba. Ndiye aliyempa kijana mapenzi ya kutembea porini akitazama. Baadaye Powell alipita vyuo kadhaa na hakumaliza hata kimoja. Shule yake ikawa mto. Mwaka 1856, akiwa na miaka 22, alipiga makasia peke yake kuteremka Mississippi hadi baharini, akiokota makombe njia nzima.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 6 Aprili 1862, katika mapigano ya Shiloh, aliinua mkono kuwapa askari wake ishara ya kufyatua mizinga, na risasi ikampata. Mkono wa kulia ulikatwa chini ya kiwiko, na maumivu yake hayakumwacha maisha yake yote. Akarudi vitani hivyo hivyo. Vita vilipokwisha alikuwa na cheo cha meja na mkono mmoja, akaajiriwa kufundisha jiolojia huko Illinois.

Wakati huo palikuwa na sehemu kubwa ya magharibi ya Marekani ambayo ramani iliiacha tupu. Ni pale Mto Colorado unapopita katika makorongo yenye kuta za mwamba zinazopanda mamia ya mita. Powell aliazimia kupita humo kwa mashua. Tarehe 24 Mei 1869 aliondoka Green River, Wyoming, na wanaume 9, mashua 4 na chakula cha miezi 10. Wengi wao walikuwa wawindaji na askari wa zamani. Miongoni mwao hapakuwa na mtaalamu wa miamba aliyesomea kazi hiyo isipokuwa yeye.

Wazee wetu wa baharini husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Powell alishika nafasi ya nahodha mmoja. Alitangulia na mashua nyepesi, akitazama maji, na akiona hatari alipunga bendera ili walio nyuma wapige kando. Lakini wiki mbili tu baada ya kuondoka, mashua moja ilipitiliza. Kama ishara ilichelewa au haikuonekana, waandishi wanabishana hadi leo. Mashua ilivunjika vipande viwili na shehena kubwa ya chakula na vifaa ikaenda na maji. Powell alikosa usingizi akiwaza juu ya baromita, vile vipimo vya hewa ambavyo bila yavyo asingeweza kupima urefu wa milima. Kesho yake vijana wawili wakajitosa mpaka kwenye mabaki na kurudi nazo, huku wakishangilia. Kiongozi akadhani wanashangilia vipimo, kumbe wameokoa pia kipipa cha pombe yao! Kiongozi na watu wake mara nyingi huwa katika mashua moja, lakini kila mmoja ana lake moyoni.

Siku nyingine Powell alipanda jabali akiwa na mwenzake George Bradley, akakwama. Amening'inia kwa mkono wake mmoja, hawezi kwenda juu wala kurudi chini. Bradley hakuwa na kamba. Alivua suruali yake ya ndani, ile ndefu ya kuzuia baridi, akaiteremsha, na mkuu wa msafara akavutwa juu kwa nguo hiyo. Heshima ya cheo haikuwa na kazi yoyote siku ile.

Mwezi wa tatu hali ilikuwa mbaya. Walibaki na unga ulioharibika, matofaa makavu na kahawa. Mmoja wao alikuwa ameshawaaga Julai. Tarehe 28 Agosti, mbele ya poromoko la kutisha, watatu walisema hawaendelei, watapanda ukuta wa korongo na kutafuta vijiji kwa miguu. Powell alikesha akipima uamuzi. Hakuwafunga wala kuwatusi. Aliwapa bunduki na nakala za kumbukumbu za safari, wakaagana kwa majonzi, kila upande ukiamini mwingine unakwenda kufa. Waliobaki sita walipita poromoko lile salama, na kesho yake wakatokea nje ya korongo. Wale watatu waliuawa huko juu. Ikasemekana wameuliwa na Wahindi Wekundu wa kabila la Shivwits, ingawa wako wanahistoria wenye shaka na hilo. Mwaka uliofuata Powell alikwenda akaketi na Shivwits, akawasikiliza, na hakudai kisasi. Aliendelea kufanya kazi katika nchi yao kwa amani.

Safari ya kwanza ilimpa jina, ya pili ya mwaka 1871 ikaonyesha alichojifunza. Safari hii alipanga vituo vya kupokea chakula njiani, akachukua mpiga picha na wachora ramani, na kazi ya upimaji akamwachia shemeji yake, Almon Thompson. Yeye mwenyewe alikuwa akiondoka mara kwa mara kwenda Washington kutafuta fedha. Huo ndio uongozi wa kazi hii ambao vijana wengi hawauoni: mmoja akiwa jangwani na darubini yake, lazima awepo mwingine mjini anayewabembeleza wenye mfuko.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Alipochapisha ripoti yake mwaka 1875, alichanganya mambo ya safari ya pili ndani ya ya kwanza, na majina ya vijana wa safari ya pili hakuyataja. Waliovuja jasho miezi mingi hawakujiona popote. Wengine waliondoka duniani na kinyongo hicho. Anayeongoza watu na kuwanyima sifa zao anajiwekea deni.

Mwaka 1879 serikali iliunda taasisi ya taifa ya utafiti wa jiolojia, na mwaka 1881 Powell akawa mkurugenzi wake wa pili. Alikaa miaka 13. Alianzisha kazi ya kuchora ramani ya nchi nzima kwa utaratibu mmoja. Aliwakusanya watu wenye akili kuliko wenzao, kama Grove Karl Gilbert, ambaye wanajiolojia wanamheshimu mpaka leo, akawaachia nafasi wafikiri. Mwenyewe hakuwa na digrii ya darasani, lakini hakuogopa kuajiri waliomzidi elimu. Mimi mwenye diploma yangu moja hapo nilimpenda zaidi.

Kilichomuangusha ni ukweli. Mwaka 1878 alikuwa ameandika ripoti kuhusu nchi kavu za magharibi, akieleza kuwa mahali pasipopata inchi 20 za mvua kwa mwaka hapalimiki bila kumwagilia maji. Sheria ya wakati huo ilimpa kila mlowezi ekari 160. Powell alisema hesabu hiyo haifai. Shamba la kumwagiliwa litosheke na ekari 80, na mfugaji apewe 2,560, na mipaka ifuate mabonde ya mito badala ya mistari ya rula. Wanasiasa, makampuni ya reli na wauza ardhi walitaka kusikia kuwa ardhi ni tele na maji ni tele. Mwaka 1888 Bunge lilimruhusu apime maji na mahali pa mabwawa, lakini alipotaka apewe muda amalize vipimo kabla ardhi haijagawiwa, maseneta walikasirika. Mwaka 1890 mradi ule ulikatwa fedha. Mwaka 1892 bajeti ya taasisi nzima ilipunguzwa vibaya, na wataalamu wengi wakapoteza kazi. Mwaka 1893 alisimama Los Angeles mbele ya mkutano wa wapenda kilimo cha umwagiliaji, akawaambia kuwa maji yaliyopo hayatoshi kwa ardhi yote wanayoitaka. Wakamzomea. Mwaka uliofuata alijiuzulu, na tarehe 23 Septemba 1902 akafariki.

Leo watu wapatao milioni 40 wanategemea Mto Colorado, na majimbo yanagombania maji ambayo kwenye makaratasi ni mengi kuliko yaliyomo mtoni. Ziwa kubwa lililotengenezwa kwa bwawa katika mto huo linaitwa Powell, na miaka ya karibuni limeshuka hadi kuonyesha kuta ambazo vizazi viwili havikuziona. Taasisi aliyoilea ingali hai.

Ndugu msomaji, sisi watu wa Pwani tuna kila sababu ya kukisikiliza kisa hiki. Kwale titani imechimbwa zaidi ya miaka kumi, mpaka mwisho wa 2024. Mrima inatajwa kila siku kwa madini yake. Visima vyetu vingi vinaonja chumvi, na Mombasa bado inangoja maji kutoka Mzima na kwingineko. Maamuzi ya mambo hayo hupitia mikononi mwa wanajiolojia na wale wanaowaongoza. Meza hizo zikiwekwa, watoto wetu ni wangapi wanaoketi? Sheria ya madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, lakini nani wetu atakayesoma ripoti ya upimaji na kusema hapa hesabu si sawa?

Kwa hiyo nilimwambia dada yangu amwache binti asome. Ajifunze miamba, na ramani za kompyuta, na pia kuandika ripoti inayoeleweka, kupanga bajeti, na kuwarudisha watu wake nyumbani salama. Ataje majina ya waliomsaidia. Na siku atakapoambiwa aseme maji yapo na vipimo vinasema hayapo, aseme hayapo, hata ukumbi mzima ukimzomea.

Dada yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza karo ni kiasi gani.