Rimbaud: Mguu uliofika Harar ukaishia Marseille

Hebu nikuulize, wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa kwenye matatu ya Kilifi kuja Malindi: kazi yako unaifanyia kiungo gani? Kama ni bodaboda, ni mikono na miguu. Kama ni mvuvi pale Mayungu, ni mgongo na mabega. Hata muuguzi, mwenye cheti chake ukutani, anashinda zamu nzima amesimama wodini. Wengi wetu huku Pwani mtaji wetu ni mwili. Sasa fikiria siku moja hicho kiungo kinakuambia basi, mimi nimefika.

Hilo lilimpata jamaa mmoja aliyekufa mwaka 1891 akiwa na miaka 37. Jina lake Arthur Rimbaud. Ukitafuta jina hilo mtandaoni utaambiwa ni mshairi mkubwa wa Ufaransa, na ni kweli. Lakini mimi leo sitaki kukupa habari za mashairi. Nataka nikupe habari za Rimbaud mfanyakazi, yule aliyeishi upande wetu huu wa dunia, akachuma kwa miguu yake mpaka mmoja ukakatwa.

Alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1854 katika mji wa Charleville, kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Baba yake alikuwa kapteni wa jeshi. Arthur akiwa na miaka kama sita hivi, mzee akaondoka, harudi tena. Mama akabaki na watoto wanne, na huyo mama alikuwa mkali kwelikweli. Shuleni Arthur alikuwa moto wa kuotea mbali. Alikuwa akishinda zawadi za kutunga mashairi kwa Kilatini, lugha ambayo hata mwalimu anaisoma kwa shida.

Halafu mwaka 1870 vita vikaja, shule ikafungwa, kijana akatoroka nyumbani. Shule ilipofunguliwa hakurudi. Naam, aliacha masomo, kama mimi nilivyoacha chuo, ingawa mimi sababu yangu ilikuwa karo. Akiwa na miaka 16 kuelekea 17 akaenda Paris, akakutana na mshairi mwingine, Paul Verlaine. Wakapendana, wakagombana, wakahama miji pamoja, mpaka Julai 1873 kule Brussels Verlaine akampiga risasi kwenye kifundo cha mkono. Verlaine akafungwa jela. Rimbaud akaandika kidogo tena, na kabla miaka 21 haijapita sana, akaacha ushairi kabisa. Hakuaga mtu.

Sasa hapa ndipo miguu inapoingia. Huyu mtu alitembea, yaani alitembea kweli. Alivuka milima ya Alps kwa miguu kuingia Italia. Mwaka 1876 akajiandikisha jeshi la Uholanzi, wakampeleka mpaka Java, huko Indonesia ya leo. Akatoroka, akarudi Ulaya. Akaenda Cyprus, akawa msimamizi kwenye machimbo ya mawe. Kila mahali ni kibarua, na kila kibarua kikiisha anaanza upya. Si unajua maisha hayo? Leo uko kwenye mjengo, kesho uko hotelini msimu wa watalii, keshokutwa huna kitu.

Agosti 1880 akafika Aden, upande wa pili wa bahari kutoka Somalia. Kampuni moja ya kahawa ikampa kazi ya kusimamia wanawake waliokuwa wakichambua buni. Kabla mwaka haujaisha akapelekwa Harar, mji wa Waislamu wenye ukuta, juu milimani mashariki mwa Ethiopia. Akawa Mzungu wa dukani: ananunua kahawa, ngozi na pembe za ndovu, anauza vitambaa na vyombo. Akajifunza Kiarabu na lugha za hapo. Akaagiza kamera kutoka Ufaransa akapiga picha. Akaandika ripoti kuhusu nchi ya Ogaden ambayo chama cha wanajiografia cha Paris kiliichapisha mwaka 1884. Na kwenye barua za nyumbani alikuwa akitaja Zanzibar mara kwa mara, kwamba hapa pakimshinda atashuka huko. Angeshuka, jahazi lake lingepita mbele yetu hapa Malindi. Hakuwahi kushuka.

Usidhani namsifu tu. Mwaka 1885 aliingia biashara ya bunduki, akitaka kumuuzia Menelik, mfalme wa Shewa. Alikwama pale Tadjoura, Djibouti ya leo, karibu mwaka mzima akingoja ruhusa. Mshirika wake akafa. Akaupeleka msafara mwenyewe kwa ngamia kupita jangwa, na alipofika, Menelik akamkata bei, halafu wenye madeni ya yule marehemu wakamvamia. Alitoka na pesa kidogo tu kwa jasho jingi. Baada ya hapo alitembea na dhahabu yake kwenye mkanda kiunoni, kilo kama nane, kwa kuogopa kuibiwa. Mwili ndio uliokuwa benki yake.

Sasa tufike 1891. Mwanzoni mwa mwaka goti la kulia likaanza kumuuma. Akadhani ni mishipa, akamwandikia mama amtumie soksi za kubana. Kumbuka aliendelea na kazi. Goti likavimba, mguu ukakauka, usingizi ukaisha. Alipokuwa hawezi tena kusimama, aliweka kitanda chake mahali ambapo angeona mizani uani kupitia dirishani, na vitabu vya hesabu vikawa karibu. Akawa anasimamia kahawa ikipimwa akiwa amelala, huku mguu unamlilia.

Hapa nataka usimame kidogo. Wewe pia ushafanya hivi. Umeumwa wiki tatu, unasema ni uchovu. Umeanguka na pikipiki, goti limevimba, lakini siku ya kulipa mkopo wa pikipiki haikungoji, basi unapaka dawa ya mafuta unaendelea. Sisemi hospitali ingemponya Rimbaud, manake ugonjwa wenyewe ulikuwa saratani. Lakini ile tabia ya kuona kwamba ukilala siku moja umekufa njaa, ile tunayo sote, na haikutoka kwa uvivu wa kwenda hospitali. Imetoka kwa kutokuwa na akiba wala mtu wa kukushikia kazi.

Tarehe 7 Aprili 1891 aliondoka Harar kwa machela aliyoichora mwenyewe, imefunikwa turubai. Wapagazi 16 wakambeba karibu kilomita 300 mpaka Zeila, kwenye pwani ya Somalia. Siku kumi na zaidi. Mvua ikawakuta njiani. Kila hatua ya mpagazi ilikuwa msumari gotini. Kuna mahali walimbwaga chini kwa uchovu, naye akawatoza faini. Hapo mimi nilikasirika kidogo. Watu 16 wanakubeba mlima na jangwa kwa mabega, nawe mkononi bado una daftari la faini! Majina yao hatunayo. Lakini bila mabega yale, hadithi ya Rimbaud ingeishia njiani.

Kutoka Zeila akavushwa Aden, daktari akaona goti akashtuka. Akapandishwa meli, akafika Marseille tarehe 20 Mei. Akapeleka simu ya maandishi nyumbani: mama au Isabelle, mmoja wenu aje, wananikata mguu. Mama akaja. Tarehe 27 Mei wakaukata mguu wa kulia, juu ya goti. Siku chache baadaye, mwezi Juni, mama akarudi shambani kwake.

Kwa hiyo alibaki peke yake na kigutu. Barua alizomwandikia dada yake kipindi hicho ni nzito. Alikuwa akilia mchana na usiku. Alikuwa amepanga kurudi Ufaransa kiangazi hicho aoe. Sasa akaona mambo ya ndoa na familia yamekwisha. Alijaribu magongo, kwapa likamuuma na mguu uliobaki ukachoka. Akanunua mguu wa mbao, akauvaa, kigutu kikavimba, akautupa pembeni. Juu ya hayo yote akaingiwa na hofu ya kufungwa kwa kukwepa jeshi. Mtu hana mguu, anaogopa kuitwa jeshini! Ukiwa chini, kila karatasi ya serikali inakutisha.

Lililonigusa zaidi ni hili. Rimbaud alikuwa ameanza upya mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikuwa mshairi, askari, msimamizi wa machimbo, karani wa kahawa, mpiga picha, mwandishi wa ripoti, mfanyabiashara. Alijua lugha kadhaa na hesabu za vitabu. Kazi hizo nyingi unazifanya ukiwa umekaa kitini. Lakini mguu ulipotoka, yeye alihesabu kilichotoka tu. Aliona mtu wa farasi na misafara amekufa, na hakuona karani wala mwandishi aliyebaki kitandani. Na pale wodini hakukuwa na mtu wa kukaa naye amwambie, bwana Rimbaud, hebu tuhesabu pia kilichobaki.

Siku hizi kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Baada ya kukatwa kiungo, muuguzi anakufundisha kufunga bendeji ili kigutu kipate umbo kabla ya mguu bandia, na anakwambia mapema kwamba maumivu ya mguu ambao haupo ni ya kweli, huna wazimu. Mtaalamu wa viungo anakusimamisha. Hapa Pwani kuna chama cha APDK, kilichoanza mwaka 1958, ambacho kina kituo Mombasa na kinatengeneza miguu bandia na viti vya magurudumu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Najua utaniambia karatasi ni karatasi. Ni kweli. Lakini ukijua kifungu, ukifika ofisini unaongea tofauti.

Tarudi kwa Rimbaud nimalizie. Julai alipanda treni kwenda shambani Roche kwa mama. Mwezi mmoja tu, mkono wa kulia nao ukaanza kukataa. Tarehe 23 Agosti akarudi Marseille, safari hii na mdogo wake Isabelle. Huyu Isabelle alikuwa na miaka 31, msichana wa shamba, hajasomea uuguzi hata siku moja. Akaacha kila kitu, akakaa mji asioujua mpaka Novemba, kila siku kando ya kitanda: kumlisha, kumgeuza, kumsikiliza akiweweseka kuhusu Harar na ngamia na Djami, kijana Mharari aliyemtumikia kwa miaka. Rimbaud aliacha maagizo kwamba Djami apewe pesa katika urithi wake. Angalau mmoja alikumbukwa.

Mtaani kwetu hapa Malindi yuko jamaa aliyepoteza mguu kwenye bodaboda. Leo anatengeneza simu kwenye kibanda, na watu wanamsifu kwa kujikaza, na anastahili. Lakini mimi namkumbuka dada yake. Aliacha kazi ya hoteli miezi minane kumuuguza. Aliporudi, nafasi ilikuwa imechukuliwa. Hakuna aliyemwita muuguzi, na hakuna aliyemlipa. Ukiwa na Isabelle nyumbani kwenu, usimwachie mzigo peke yake. Shika zamu hata ya usiku mmoja.

Tarehe 9 Novemba 1891, akiwa hawezi kujigeuza, Rimbaud alimwandikisha Isabelle barua kwa kampuni ya meli. Alieleza kwamba amepooza, kwa hivyo anataka kupanda mapema, na akauliza saa ngapi aletwe melini. Kesho yake akafa.

Watu husoma barua hiyo wakasema alikuwa anaweweseka, na huenda ni kweli. Mimi nikiisoma naona mtu anayeulizia saa ya kuingia kazini. Hakutaka kuhurumiwa. Alitaka kuambiwa zamu inaanza saa ngapi.

Basi wewe ukimwona mtu wa magongo anakuja kuulizia kazi pale mnapofanyia, kabla ya kumpa shilingi hamsini na pole, mjibu alichouliza.