Oswaldo Cruz na chanjo iliyoutia mji moto

Mzazi anapompeleka mwanawe kuanza shule ya chekechea, aghalabu huulizwa kadi ya kliniki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Wengi huitoa bila kusita. Hata hivyo, wapo wanaojiuliza kwa dhati ni nani aliyeipa serikali idhini ya kumwamuru mzazi amchanje mtoto aliyemzaa na anayemlea mwenyewe. Swali hilo si la kipumbavu, wala si geni. Mnamo 1904 liliutia moto mji wa Rio de Janeiro, uliokuwa mji mkuu wa Brazil wakati huo. Katikati ya moto huo alisimama daktari kijana aliyeitwa Oswaldo Cruz, ambaye maisha yake yana funzo kwa walimu na wanafunzi wetu.

Cruz alizaliwa tarehe 5 Agosti, 1872, katika mji mdogo wa São Luiz do Paraitinga, mkoani São Paulo. Babake alikuwa daktari, naye mwana akaifuata njia ya mzazi wake. Akiwa na umri wa miaka 15 tu alijiunga na chuo cha udaktari mjini Rio, akahitimu mwaka 1892 kwa tasnifu kuhusu vijidudu vya majini. Mwaka 1896 alisafiri hadi Paris kusomea katika Taasisi ya Pasteur, iliyokuwa kitovu cha elimu ya vijidudu duniani. Aliporejea nyumbani mwaka 1899, tauni ilikuwa imezuka katika bandari ya Santos. Cruz alikuwa miongoni mwa waliothibitisha kwamba ugonjwa huo kwa hakika ulikuwa tauni. Mwaka uliofuata, maabara ya kutengeneza dawa ya kuukabili ilianzishwa katika shamba la Manguinhos, nje ya mji wa Rio. Kufikia mwaka 1902 yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake.

Mwaka 1903 Rais Rodrigues Alves alimteua kusimamia afya ya umma, akiwa na umri wa miaka 30. Mji aliokabidhiwa ulikuwa umeandamwa na tauni, homa ya manjano na ndui, na mabaharia wa ng'ambo waliogopa kutia nanga pale. Cruz aliunda vikosi vya kuwaangamiza mbu nyumba kwa nyumba, ilhali madaktari wengi bado walishikilia kwamba homa ya manjano huletwa na uchafu na hewa mbaya. Aidha, serikali ilinunua panya waliouawa ili kuikomesha tauni, hata wajanja wakaanza kuwafuga ili wawauze. Magazeti yalimkejeli kwa vikaragosi kila uchao. Hata hivyo, kufikia mwaka 1907 homa ya manjano ilikuwa imekomeshwa kama janga mjini humo, na mwaka uo huo kazi ya Cruz na wenzake ikatuzwa nishani ya dhahabu katika maonyesho ya Berlin.

Ndui ndiyo iliyomtia matatani. Chanjo yake ilikuwa imejulikana tangu Edward Jenner alipomchanja mtoto wa mtunza bustani wake nchini Uingereza mwaka 1796. Mjini Rio kwenyewe, tangu mwaka 1837 palikuwa na amri kwamba watoto wachanjwe, ila amri hiyo ilibakia maandishi matupu. Ndui iliposhika kasi mwaka 1904, Cruz aliomba sheria yenye meno. Bunge likaipitisha tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Siku chache baadaye, rasimu ya kanuni zake ilifichuliwa gazetini, na wananchi wakasoma kwamba asiyekuwa na cheti cha chanjo hangeandikishwa shuleni, hangepata kazi, hangefunga ndoa wala kusafiri.

Hapo ndipo hofu ya wazazi ilipolipuka. Akina baba walichukizwa na wazo la wageni kuingia majumbani mwao na kuwafunua mikono wake zao na binti zao, na uvumi uliongeza kwamba hata mapaja yangefunuliwa. Kwa kuwa chanjo yenyewe ilitoka kwa ndama, wengine waliamini kwamba aliyechanjwa angeota sura ya ng'ombe. Lakini tusiwacheke upesi. Katika miezi iyo hiyo serikali ilikuwa ikibomoa nyumba za maskini katikati ya mji ili kupanua barabara, na maelfu walikuwa wamefukuzwa bila ya kuonyeshwa pa kwenda. Mkono uliowabomolea nyumba ndio sasa uliotaka kuwashika watoto wao. Wangeuaminije? Fauka ya hayo, palikuwa na wanasiasa na maafisa wa jeshi waliotaka kumpindua Rais, nao waliona katika hofu hiyo kuni za kuchochea moto wao.

Ghasia zilianza tarehe 10 Novemba. Tramu zilipinduliwa, taa za barabarani zikavunjwa, vizuizi vikajengwa mitaani. Tarehe 14 wanafunzi wa chuo cha kijeshi wakaasi. Utulivu uliporejea, watu wapatao 30 walikuwa wameuawa, 110 wamejeruhiwa, zaidi ya 900 wametiwa mbaroni, na mamia kati yao wakahamishwa kwa nguvu hadi Acre, katika misitu ya mbali ya Amazon. Serikali ilitangaza hali ya hatari na kuifuta lazima ya chanjo. Wazazi walikuwa wameshinda.

Walishinda nini? Mwaka 1908 ndui ilirudi Rio na kuua zaidi ya watu 6,000. Watu walewale waliokuwa wamepigana mitaani sasa walikimbilia chanjo kwa hiari yao, lakini kwa wengi maji yalikuwa yamezidi unga. Ndui haikuuliza ni nani aliyekuwa na haki katika mabishano ya mwaka 1904.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilikosea. Cruz alikuwa sahihi kuhusu chanjo, ila alidhani kwamba usahihi unatosha. Alitaka sheria ifanye kazi ya mwalimu, na polisi afanye kazi ya muuguzi. Elimu haikutangulia, na maelezo hayakutolewa kwa lugha ambayo mchukuzi wa bandarini angeielewa. Wazazi nao walisahau kwamba mtoto si mali kama shamba au ng'ombe. Ni amana. Haki ya kumwamulia imewekwa mikononi mwa mzazi kwa faida ya mtoto, ambaye hawezi kujisemea. Tena, maradhi yanayoambukiza hayaishii mlangoni pa mtu. Uamuzi wa mzazi mmoja unamgusa mtoto wa jirani aliye mchanga mno kuchanjwa, na huyo wa jirani hakushauriwa.

Brazil yenyewe ilijifunza. Ilianzisha mpango wa kitaifa wa chanjo mwaka 1973, na kuanzia mwaka 1980 ikatenga siku maalumu za chanjo ya polio zilizoandamana na elimu na shamrashamra. Mgonjwa wa mwisho wa polio nchini humo aligunduliwa mwaka 1989. Sheria ya watoto ya mwaka 1990 iliifanya chanjo kuwa wajibu. Mnamo Desemba 2020 mahakama kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba serikali inaweza kuifanya chanjo kuwa lazima kwa kuweka masharti na adhabu, bali haiwezi kumkamata mtu na kumchoma sindano kwa nguvu, na kwamba imani ya mzazi haiwezi kumnyima mtoto kinga. Nadhani huo ndio mstari wa haki.

Hapa Kenya tuliionja ladha ya mjadala huu mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipoitilia shaka chanjo ya pepopunda na serikali ikaitetea. Lililodhihirika ni kwamba imani ikishatikisika, amri pekee haiirudishi. Walakini Afrika Mashariki ina ushahidi mkubwa wa manufaa ya chanjo, kwani mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977.

Oswaldo Cruz alifariki dunia tarehe 11 Februari, 1917, akiwa na miaka 44, baada ya kuugua figo. Rui Barbosa, mwanasiasa aliyeipinga sheria yake katika Seneti, ndiye aliyesimama baada ya kifo chake kumsifu hadharani. Taasisi ya Manguinhos ilipewa jina lake, na hadi leo inatengeneza chanjo. Heshima hiyo ilimfikia kwa kuchelewa, kama ilivyochelewa chanjo kwa waliokufa mwaka 1908.

Mwalimu, utakapoishika kadi ya kliniki muhula ujao na kukuta pengo, usimfukuze mzazi wala kumtisha. Mketishe, umsikilize, kisha umweleze. Sheria iwe nyuma yako, lakini isiwe neno lako la kwanza.