Benjamin Graham, mwalimu wa hisa aliyeonja hasara

Mwaka 1907 soko la hisa la New York liliporomoka, na mjane mmoja, mama wa watoto watatu, akapoteza akiba yake. Alikuwa amenunua hisa kwa fedha za mkopo akitumaini bei zingepanda upesi. Mwanawe Benjamin alikuwa na miaka 13.

Benjamin Graham alizaliwa London mwaka 1894, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mchanga. Baba yake alifariki mwaka 1903. Kijana alikuwa na kichwa chepesi: alipohitimu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1914 alitakiwa abaki kufundisha, lakini nyumbani fedha zilihitajika, akaenda kufanya kazi kwa madalali wa hisa.

Msikilizaji, hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Kampuni ikipata faida, inaweza kukugawia sehemu yake, yaani gawio. Siku zile wengi hawakuangalia hilo, waliangalia bei tu.

Graham alisoma hesabu za kampuni kurasa kwa kurasa. Hata hivyo, mwaka 1929 soko lilipoanguka, mfuko aliousimamia nao ulikuwa na mikopo. Kufikia mwisho wa 1932 ulikuwa umepoteza takribani asilimia 70, na humo mlikuwa na fedha za ndugu na marafiki. Hakukimbia. Alifanya kazi miaka kadhaa bila malipo mpaka hasara ikafidiwa, mwishoni mwa 1935.

Mwaka 1934 yeye na David Dodd walitoa kitabu cha kuchambua hisa, na mwaka 1949 akatoa kingine kwa ajili ya watu wa kawaida. Humo alilifananisha soko na mbia mwenye hasira za ghafla, anayekuja kila siku na bei mpya. Huna lazima ya kumjibu. Mfugaji atanielewa: ng'ombe hapunguzi maziwa eti kwa sababu leo mnadani bei imeshuka. Ila ng'ombe huugua, na kampuni pia huugua, ndiyo maana Graham alisisitiza kukagua kabla ya kununua.

Aliwashauri wawekezaji wa kawaida wanunue kwa kiasi kilekile kila mwezi, bei iwe juu au chini, na wasiweke zaidi ya robo tatu ya fedha zao kwenye hisa. Nyingine ziwe kwenye hati fungani. Ushauri huo haukuwa wa kupita: kipimo kikuu cha bei za hisa cha Marekani kilirudi pale kilipokuwa mwaka 1929 ilipofika 1954. Miaka 25! Aliyeendelea kununua bei zikiwa chini na kupokea gawio hakusubiri muda wote huo.

Mwaka 1948 kampuni yake ilinunua nusu ya GEICO, kampuni ya bima ya magari, kwa dola 700,000 hivi. Faida ya hisa hizo ilikuja kuzidi ya uwekezaji wake mwingine wote ukijumlishwa.

Graham alifariki Ufaransa mwaka 1976, akiwa na miaka 82. Mwaka huohuo GEICO ilikaribia kufilisika, na mwanafunzi wake wa zamani, Warren Buffett, alikuwa akizinunua hisa zake.