Yatima wa Matili na Fomu ya Basari

Kila mwaka shule za upili zinapopokea wanafunzi wapya, walimu wakuu wa Bungoma na Kitale hutembelewa na wazazi walioshika barua ya mwito mkono mmoja na fomu ya basari mkono wa pili. Fomu imepigwa muhuri wa chifu, imetiwa saini na padri au mchungaji, na bado mtoto hana hakika ya kuketi darasani. Hali hiyo hunikumbusha hayati Masinde Muliro, ambaye walimu wengi humtaja kwa siasa zake tu, wakasahau jinsi alivyosoma.

Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Matili, Kimilili, ambako leo ni Kaunti ya Bungoma. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na kaka yake wa kambo, Aibu Naburuku. Waandishi hulipita jambo hilo kwa sentensi moja, nami naliona lenye uzito kuliko yote yaliyofuata. Mvulana yatima wa siku hizo alikuwa na njia iliyokwisha kuchorwa: achunge ng'ombe wa jamaa, kisha avuke kwenda Trans-Nzoia kuwa kibarua. Reli ilikuwa imefika Kitale mwaka 1926, mahindi ya walowezi yalihitaji mikono, na Wabukusu wengi walihamia kwenye mashamba hayo na familia zao wakawa maskwota. Kijana mwenye nguvu akipelekwa shule, aliyemlea alipoteza mfanyakazi. Yeyote aliyeikubali hasara hiyo alikuwa mfadhili, hata kama hakuna fomu iliyojazwa.

Alisoma katika shule za Kikatoliki za Kenya na Uganda, akamalizia masomo ya sekondari katika St Peter's College, Tororo. Mwanafunzi wa leo huenda akauliza ilikuwaje mtoto wa Kimilili avuke mpaka kutafuta elimu. Kamusinga, shule ambayo Kimilili yote hujivunia, ilianza katika nusu ya pili ya miaka ya hamsini, Muliro akiwa mtu mzima. Chuo kikuu hakikuwako Kenya. Makerere nayo ndiyo kwanza iliungana na Chuo Kikuu cha London, mwaka 1949, ili wanafunzi wake wapate digrii. Mwaka huo huo Muliro alielekea kusini kabisa mwa bara hili, Chuo Kikuu cha Cape Town, kusomea historia, falsafa na ualimu.

Alifika wakati mbaya. Wabaguzi wa chama cha National walikuwa wametwaa serikali mwaka 1948, na sheria zao zilikuwa zikitungwa moja baada ya nyingine. Cape Town bado kilipokea Waafrika wachache. Sheria ya mwaka 1959 ndiyo iliyoufunga mlango huo. Alirudi nyumbani mwaka 1954 na shahada yake, na mke aliyempata huko huko.

Akawa mwalimu, kwanza Alliance Girls, kisha chuo cha Siriba. Mwaka 1957 aliacha chaki, akamshinda W.W.W. Awori na kuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza waliochaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Ya KADU na ya uhuru yanajulikana. Nitataja moja tu. Mwaka 1975, akiwa waziri, aliunga mkono bungeni ripoti ya uchunguzi wa mauaji ya J.M. Kariuki, huku akijua atakavyolipa. Alifutwa kazi.

Nalitaja kwa sababu ya zile fomu. Basari zetu nyingi, tangu fedha za maeneo bunge zilipoanzishwa mwaka 2003, hutolewa hadharani, mbele ya kamera, na mwanasiasa anayetaka kukumbukwa siku ya kura. Mtoto hufundishwa mapema kwamba karo ni hisani ya mkubwa, na kwamba hisani hulipwa kwa utiifu. Hundi zenyewe hukatwa vipande vidogo ili majina yawe mengi. Baadhi ya waliosaidiwa hurudishwa nyumbani kabla ya muhula kwisha. Afadhali wachache walipiwe hadi mwisho, tena na watu wasiogombea kiti. Najua mwalimu mkuu atakayeniuliza wale wengine waende wapi, na swali lake ni la haki.

Muliro alifariki tarehe 14 Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akitoka London, baada ya yeye na wenzake wa FORD kupigania vyama vingi. Alizikwa Trans-Nzoia, katika nchi ambayo zamani wazee wake waliingia kama vibarua. Mwaka 2007 chuo kikuu cha Kakamega kilipewa jina lake, nacho kikakilea kile cha Kibabii, Bungoma, hadi kikajitegemea mwaka 2015. Kwa hiyo mtoto wa Matili hahitaji tena kuvuka mpaka ili apate digrii. Anasubiri jibu la fomu yake tu.