Kutoka Jina la Mtu hadi Jina la Aina: Maisha ya Edward Saidi Tingatinga na Urithi Wake katika Sanaa ya Utalii ya Arusha

1.0 Utangulizi

Mgeni anayefika Arusha kwa safari ya Serengeti au Ngorongoro, au kwa nia ya kupanda Mlima Meru, ni nadra kuondoka bila kuonyeshwa picha za Tingatinga. Hutundikwa katika maduka ya vinyago na vitambaa mjini, na hupatikana kwa wingi zaidi Mto wa Mbu, kwenye barabara iendayo mbugani, ambako wachoraji hufanya kazi mbele ya macho ya wageni. Ni rahisi kwa mnunuzi kudhani kwamba neno hilo linataja ufundi fulani, kama vile neno batiki. Hata mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kupotea, kwani katika matumizi ya kawaida tingatinga ni trekta. Hata hivyo, Tingatinga alikuwa mtu, na jina hilo alilirithi kwa baba yake.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa ufupi. Hoja inayoyaongoza ni kwamba mnunuzi mgeni hakuja baadaye kuiharibu sanaa hii. Alikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichopotea njiani ni kitu kingine, nacho ni jina la mchoraji. Jambo hili lina uzito katika mkoa ambao unazidi kutafuta namna ya kuufanya utalii wake utegemee pia mikono ya watu, badala ya wanyama na milima peke yake.

2.0 Kutoka Tunduru hadi Dar es Salaam

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika, katika eneo la Nakapanya. Baba yake alikuwa Mngindo na mama yake Mmakua. Majina yake mawili ya kwanza, moja la Kikristo na jingine la Kiislamu, yanaonyesha jinsi dini hizo mbili zilivyokutana katika nyumba moja, jambo ambalo si geni katika sehemu hizo za kusini.

Katikati ya miaka ya 1950 aliondoka kwao kwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, njia iliyofuatwa na vijana wengi wa kusini katika enzi ya ukoloni. Kutoka huko alihamia Dar es Salaam mwaka 1959, akaajiriwa kama mtumishi wa nyumbani kwa afisa wa Kiingereza. Baada ya uhuru ajira hiyo ilikwisha, naye akaishi kwa vibarua na biashara ndogondogo. Baadaye alipata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Hakupata mafunzo rasmi ya sanaa popote.

3.0 Ubao, rangi na mnunuzi

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36. Chimbuko la uchoraji wake limezusha mjadala miongoni mwa wataalamu. Wapo wanaosema kwamba alivutiwa na picha za wachoraji kutoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam katika miaka hiyo, akaona kwamba kazi ya namna hiyo ingeweza kumpatia riziki. Wengine huitafuta asili yake katika desturi ya watu wa kusini ya kuchora kuta za nyumba. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hakuna haja ya kuchagua upande mmoja: mtu anaweza kuliona soko mjini na bado akachora kwa mkono uliofundishwa na kuta za kijijini.

Vifaa vyake vinaeleza mengi kuliko nadharia hizo. Alitumia mbao nyembamba za kubandika dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, vitu vilivyopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ubao mzima wa futi 4 kwa 8, ukikatwa bila kubakiza kipande, hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2. Umbo la mraba ambalo baadaye lilionekana kuwa alama ya mtindo huu lina uhusiano wa moja kwa moja na hesabu hiyo ya fundi asiyetaka kupoteza. Rangi ya baiskeli nayo hung'aa, na kwa kuwa haichanganyiki kwa wepesi kama rangi za wasanii waliosomea, humlazimu mchoraji kuweka rangi safi ubavuni mwa rangi safi.

Juu ya usuli wa rangi moja au mbili Tingatinga aliweka mnyama mmoja mkubwa, chui kwa mfano, au ndege penye tawi. Mara chache alichora watu. Wanyama hao si lazima wasomwe kama wanyama wa mbuga za kaskazini, kwani Tunduru ni nchi ya misitu na wanyamapori wake wenyewe.

Picha hizo ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, duka la Oysterbay lililotembelewa sana na wageni waliokuwa wakiishi jijini. Hapa ndipo penye kiini cha suala letu. Wahakiki wengi wamezoea kuitenga sanaa halisi na sanaa ya kuuzia watalii, kana kwamba ya kwanza huzaliwa safi na ya pili huja kuichafua. Maisha ya Tingatinga hayaruhusu mgawanyo huo. Hakukuwa na kipindi ambacho alichora kwa ajili ya jamii yake kwanza, kisha akageukia wageni. Kuelekea mwisho wa maisha yake shirika la umma, National Arts of Tanzania, lilianza kununua kazi zake, na mapato yakawa ya uhakika zaidi. Aliwaita ndugu na vijana wa kwao kujifunza kwake. Miongoni mwao walikuwamo January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde, Abdallah Ajaba na Simon Mpata.

Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

4.0 Jina baada ya mwenyewe

Wanafunzi waliendelea kuchora mahali palepale, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kilianzishwa kwa jina la mwalimu wao. Uamuzi huo ulikuwa wa heshima na pia wa busara ya kibiashara. Kiisimu, ulikamilisha badiliko lililokwisha kuanza. Katika kirai picha ya Tingatinga, a-unganifu huweza kueleza umilikaji au utendaji, yaani picha aliyoichora mtu huyo. Huweza pia kueleza aina, kama katika picha ya rangi. Maneno ni yaleyale, sarufi ni ileile, lakini katika maana ya pili mtu ametoweka. Lugha nyingi hugeuza majina ya watu kuwa majina ya vitu. Kilicho cha pekee hapa ni kasi ya badiliko hilo, na ukweli kwamba wachoraji walio hai wamefunikwa na jina la aliyekufa.

Ni jina la namna hii lililofika Arusha. Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa Desemba 1971, miezi michache kabla ya kifo cha mchoraji. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, watalii waliokuwa wakiingia kaskazini kupitia Nairobi walipungua sana. Baada ya kufunguliwa mwaka 1983, na hasa katika miaka ya 1990, Arusha ilijijenga yenyewe kuwa mlango wa mbuga. Picha zilifuata soko nazo zikabadilika. Mraba wa ubao uliacha nafasi kwa kitambaa kinachokunjika ndani ya sanduku la msafiri. Mnyama mmoja akawa kundi: simba, tembo, nyati, kifaru na chui, na nyuma yao mlima wenye theluji. Wamasai wenye mashuka mekundu wakapangwa mistari. Si haki kuyaita mabadiliko haya uharibifu, kwani aliyeanzisha mtindo huu naye alichagua ubao kwa sababu ya bei na umbo lake.

Tatizo liko kwingine. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi SNV, vijiji kadhaa vya Arusha vilianzisha utalii wa kitamaduni, vikiwamo Ng'iresi na Mulala kwenye miteremko ya Meru, na Mto wa Mbu. Katika mpango huo mgeni humwendea mwenyeji, humjua kwa jina, na sehemu ya malipo huingia katika miradi ya kijiji kama vile ujenzi wa shule. Mto wa Mbu mchoraji wa Tingatinga ni mmoja wa wenyeji hao: mgeni huona brashi ikienda, huuliza, hujibiwa. Picha iyo hiyo ikitundikwa katika duka la mjini huwa kitu kingine. Muuzaji hutaja aina, mnunuzi hulipia aina, na aliyeichora hatajwi na yeyote, ingawa huenda aliandika jina lake kwenye pembe. Fedha za utalii haziwezi kumfikia kwa kiwango kinachostahili mtu ambaye lugha ya biashara haina nafasi ya kumtaja. Yanayotokea kwa wachongaji wa vinyago vinavyoitwa vya Kimakonde hayatofautiani sana na haya.

Mwanafunzi mmoja alipata bahati tofauti. Jina la Simon Mpata, aliyefariki mwaka 1984, lilipewa hoteli ya watalii huko Maasai Mara nchini Kenya, kwa kuwa kazi zake zilipendwa sana Japani. Tingatinga mwenyewe alikuwa na desturi ya kutia sahihi mbele ya picha, kwa herufi kubwa, E. S. TINGATINGA. Sasa wakusanyaji huichunguza sahihi hiyo kwa makini, kwa sababu picha zake chache zimepanda bei na za kughushi ni nyingi.